UZI: Kujiandaa kushuka MV Dania (mita 30), hesabu ya hewa, maji, vifaa na kuingia ndani ya meli

Pweza_wa_Shanzu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kaskazi inakaribia na maswali kuhusu Dania yameanza kurudi, basi tuyaweke mahali pamoja. Uzi huu ni wa wenye cheti cha kuzamia kina kirefu, au walio kwenye kozi hiyo na mwalimu wao. Mwenye cheti cha awali cha mita 18 asome kwa faida yake, lakini meli hii bado si yake.

Kwa wasioijua: MV Dania ilikuwa meli ya kubeba mifugo, urefu kama mita 75. Mwaka 2002 ilizamishwa kwa makusudi nje ya mwamba, mbele ya Shanzu, kaskazini mwa Mombasa, iwe makazi ya samaki na mahali pa kuzamia. Imekaa wima mchangani kwenye mita 30 hivi, kina kikiongezeka au kupungua kwa kujaa na kupwa. Ina chewa wakubwa, ina mkunga kwenye mashimo. Uzuri wake ndio unaowasahaulisha watu kutazama geji ya hewa.

Wengi hupanga mbizi hii kwa kutazama muda wa kompyuta ya kuzamia (ile ya mkononi inayohesabu kina na muda). Mimi nasema anza na hewa, tena anzia mwisho wa safari.

Kwenye mita 30 shinikizo ni bar 4, yaani mara 4 ya lile la juu ya maji. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, huko chini anavuta lita 80. Mtungi wa alumini tuliouzoea una ujazo wa lita 11.1, na ukijaa bar 200 unabeba lita 2,220. Ukigawa kwa 80 unapata dakika 27 na ushei, na mtu anaona ana hewa tele maana jedwali la PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia), linaloonyesha muda wa kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani ukipanda, linampa dakika 20 tu kwenye kina hicho. Hesabu hiyo inamfikisha chini na kumwacha hukohuko.

Sasa chukua hali mbaya. Mko chini kabisa, mwenzako hewa imemkatikia, mnapumua wawili kwenye mtungi wako na nyote mmeshtuka. Mtu aliyeshtuka hufika lita 30 kwa dakika bila taabu, kwa hiyo wawili ni 60.

Kushikana, kumpa mdomo wa akiba na kutulia, dakika 2 kwenye mita 30: 60 × 4 × 2 = lita 480
Kupanda toka 30 hadi 5 kwa mita 9 kwa dakika, tuseme dakika 3, wastani bar 2.75: 60 × 2.75 × 3 = lita 495
Kituo cha usalama (kusimama kidogo ili naitrojeni ipungue mwilini) mita 5, dakika 3: 60 × 1.5 × 3 = lita 270
Dakika ya mwisho kufika juu: 60 × 1.25 = lita 75

Jumla lita 1,320. Kwenye mtungi wa 11.1 hiyo ni bar 119, andika 120. Geji ya yeyote kati yenu ikisoma 120 mnaondoka chini, na muwe tayari mko kwenye kamba ya kupandia, msiwe ndiyo kwanza mnaitafuta. Maana yake una bar 80 za kutembelea meli, yaani lita 888, yaani dakika 11, kushuka kukiwamo humo.

Kwa mtungi wa chuma wa lita 15, lita 1,320 zilezile ni bar 88, sema 90. Unabaki na bar 110, lita 1,650, dakika 20. Hapo ndipo hewa yako na jedwali vinapokutana. Kama kituo chenu kina mitungi ya 15, iombeni mapema, kwa kawaida huwa michache.

---

Kombo_Mtwapa

Mkuu Pweza, heshima kwako, lakini bar 120 si nyingi mno? Boti zote huku maelezo ni hayohayo: "mkifika bar 100 nijulisheni, juu mrudi na 50." Mgeni aliyelipa pesa yake, ukimgeuza baada ya dakika 11 atalalamika. Tena huko kushirikiana mtungi mmoja kwenye mita 30 hutokea mara ngapi?

---

Mwl_Rehema

Kaka Kombo, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa hesabu hiyohiyo ya Pweza.

Kanuni ya bar 50 ina mantiki kwenye mwamba wa mita 12. Watu wawili walioshtuka, dakika 2 chini: 60 × 2.2 × 2 = lita 264. Kupanda moja kwa moja dakika 2 kwa wastani wa bar 1.6: lita 192. Jumla 456, yaani bar 41. Bar 50 inatosha na chenji inabaki.

Ipeleke kanuni hiyohiyo mita 30. Bar 50 ni lita 555. Wawili kwenye bar 4 wanakula lita 240 kila dakika. Dakika 2 na sekunde chache mtungi umekwisha, na bado hamjaanza kupanda. Shida ya "rudi na 50" ni kwamba inakuambia uwe na kiasi gani ukifika juu, haikuambii uondoke chini lini.

Kama mtu anaona 120 ni kali, kitu pekee ninachokubali kutoa ni kituo cha usalama, kwa kuwa si cha lazima mkiwa ndani ya muda wa jedwali. 1,320 toa 270 ni 1,050, yaani bar 95. Chini ya hapo sishuki na mtu. Na mgeni anayelalamikia dakika 11 aelezwe jana yake, si kwenye boti: tunaanza chini, tunamalizia staha ya juu. Ukipanda staha ya mita 20 unatumia bar 3 badala ya 4, na kiwango cha kuondokea nacho kinashuka. Mbizi inarefuka bila kumdanganya mtu.

Mara ngapi hutokea? Hewa haimkatikii mtu kwa sababu ya mtungi mtupu peke yake. Hukatika pia kwa sababu koki haikufunguliwa vizuri, au regyuleta (kifaa cha kupumulia) imeanza kumwaga hewa mfululizo. Regyuleta inayomwaga kwenye mita 30 inamaliza mtungi kwa dakika chache sana, hata kama ulianza na 200.

Halafu jueni matumizi yenu, msikisie. Ogelea kwa mwendo wa kawaida kwenye mita 10 bila kupanda wala kushuka, dakika 10 kamili, andika bar zilizotumika. Mfano: bar 36 × 11.1 = lita 400. Gawa kwa dakika 10 ni 40, gawa kwa shinikizo la bar 2 ni lita 20 kwa dakika. Rudia siku yenye mkondo. Namba ya siku yenye mkondo ndiyo ya kutumia Dania.

---

Fundi_Koki

Naongezea hapo kwa mwalimu, koki na vifaa vyake.

Koki ifunguliwe mpaka mwisho. Ukiwa umeshavaa kila kitu, vuta pumzi 4 ndefu huku unaitazama geji. Mshale ukicheza, unashuka ukivuta na kurudi ukiacha, koki imefunguliwa kidogo tu. Juu ya maji utapumua vizuri kabisa na hutahisi kitu. Kwenye mita 30 kila pumzi inabeba hewa mara 4, ule upenyo mdogo hautoshi, na ndipo unadhani mtungi umeisha.

Oringi ya koki: itazame kwa macho kabla ya kufunga hatua ya kwanza, ile sehemu ya regyuleta inayokaa kwenye koki. Ikiwa na mkato, imebapa au imekauka, badilisha. Huo ni mpira wa bei ndogo sana na ndio unaoharibu safari nyingi. Beba za akiba za saizi ya koki zenu, zifungwe kwenye mfuko mmoja na kifaa cha kuzitolea. Usitumie bisibisi, inakwaruza kitako na oringi mpya itavuja vilevile.

Hewa yenyewe: fungua koki kidogo, nusa. Hewa safi haina harufu. Harufu ya mafuta au moshi, mtungi huo hauendi popote. Kompresa iliyowekwa bomba lake la kuvutia hewa karibu na ekzosi inaingiza kaboni monoksidi, na hiyo peke yake haina harufu. Kiasi ambacho juu kingekupa kichwa kuuma kidogo, kwenye bar 4 kinakuwa na nguvu mara 4. Kituo makini kina kipimo chake, omba uone. Tazama pia tarehe zilizogongwa begani mwa mtungi: jaribio la maji, ambalo nchi nyingi hufanya kila miaka 5, na stika ya ukaguzi wa ndani ya kila mwaka.

Uzito. Hewa ina uzito, watu husahau. Kutumia bar 150 kwenye mtungi wa 11.1 ni lita 1,665, karibu kilo 2. Alumini iliyobaki na bar 50 inaelea. Kwa hiyo pima risasi zako (vile vyuma vya uzito vya kuzamishia) mwishoni mwa mbizi fupi: mita 5, bar 50, jaketi ya kuelea tupu, lazima uweze kutulia hapo bila kuvutwa juu. Ukishindwa ongeza kilo 1. Ukizama kama nanga punguza. Anayebeba risasi nyingi mno hupata taabu zaidi chini, kwa sababu suti imebanwa, anajaza jaketi hewa nyingi, na akianza kupanda ile hewa inatanuka na kumrusha.

---

Naitroksi_Nyali

Kuhusu naitroksi, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni. Watu wanasema "chukua naitroksi ukae zaidi." Kwa Dania maneno hayo yana mtego wa aina mbili.

Mtego wa kwanza ni asilimia. Naitroksi 32 (yenye oksijeni asilimia 32) kwa mpaka wa shinikizo la oksijeni la bar 1.4 inakwenda mpaka mita 33.7, Dania iko ndani. Naitroksi 36 inaishia mita 28.8. Mchanga wa Dania uko chini ya hapo, na maji yakijaa ndiyo zaidi. Oksijeni ikizidi inaleta degedege bila onyo, na degedege chini ya maji ni kuzama. Ukipewa 36 kwa ajili ya meli hii, irudishe.

Mtego wa pili ameshauonyesha Pweza. Naitroksi 32 inakuongezea muda wa jedwali kwenye mita 30, toka dakika 20 mpaka 30 hivi. Haiongezi lita hata moja kwenye mtungi. Mwenye alumini bado ana dakika zake 11. Faida anayoipata ni kwamba anatoka akiwa mbali na ukingo wa jedwali, na hiyo ni faida kubwa kwa anayezamia siku tatu mfululizo.

Pima mwenyewe mtungi utakaouvaa. Sawazisha kipimo kwenye hewa ya kawaida kisome 20.9, fungua koki taratibu, subiri namba isimame, andika kwenye mtungi: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, jina lako. Kisha weka asilimia hiyohiyo kwenye kompyuta. Baadhi ya kompyuta zikikaa usiku hurudi zenyewe kwenye mpangilio wa awali, kwa hiyo hakiki asubuhi ile ile.

Na msidhani naitroksi inaondoa ulevi wa naitrojeni. Kwenye mita 30 wengi wanakuwa wameanza kulewa bila kujijua: unasoma geji na namba haikai kichwani, unang'ang'ania kitu kimoja, mfano kuparangana na kamera huku mwenzako anaondoka. Dawa ni kupanda mita chache. Kuna jambo jingine linalosemwa kidogo: uzito wa gesi yenyewe. Hewa kwenye mita 30 ina kama gramu 5.2 kwa lita, na hicho ndicho kiwango ambacho watafiti wa kuzamia wanashauri usikivuke. Gesi nzito ni ngumu kuisukuma, kaboni dayoksidi inabaki mwilini, inaongeza ulevi na inaleta hofu ya ghafla. Kwa hiyo anayepigana na mkondo kwenye mita 30 huku anahema yuko hatarini hata kama geji inasoma 150.

---

Nahodha_Mlangoni

Nyinyi mnahesabu hewa, mimi nahesabu mwezi.

Dania iko nje ya mwamba. Mnapita mlango wa mwamba kwenda na mnaupita kurudi, na kati ya hapo bahari imebadilika. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unakimbia. Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na saa ya maji kusimama. Mimi napenda kusimama kwa maji kujaa: maji ya nje yameingia, ni safi zaidi, na mlango una kina cha kutosha wakati wa kurudi. Maji ya kupwa yakitoka hubeba uchafu wa ndani na wa mikono ya bahari, na macho hayaoni mbali.

Mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza kasi. Kusi pia inaleta mawimbi yanayomvunja mtu kwenye ngazi. Kwa hiyo Novemba mpaka Machi ndiyo miezi ya kupanga Dania. Wakati wa kusi ipo siku nzuri, lakini hiyo unaipokea ikija, huwezi kuiwekea tarehe.

Tukifika pale natazama boya kwanza. Likiwa limelala na linakata maji kama mashua, hatuzami hapo. Likiwa limesimama, mmoja anaingia, anashika kamba mpaka mita 5, anaachia na kupiga mapezi kuelekea mkondo unakotoka. Akirudi nyuma huku anapiga, ishara ni moja tu, tunaondoka kwenda mwamba wa ndani.

Nyuma ya boti natupa kamba ya mita 30 yenye boya mwishoni. Anayeibuka nyuma ya boti anaishika hiyo, hapigani na maji. Mtu wa boti habanduki kwenye boti. Boti iliyoachwa tupu huku wote wako chini, mimi siiiti boti ya kuzamia.

---

Kombo_Mtwapa

Nimeelewa hesabu, asanteni, mwalimu umenigeuza kabisa. Sasa kuna huu mtungi mdogo wa pembeni ambao wageni wengine wanakuja nao. Ukiwa nao si unaweza kushuka mpaka bar 70 au 80?

---

Mwl_Rehema

Hapana kaka. Mtungi wa pembeni hauingii kwenye mpango wa hewa, ni kama hauko. Ukishauhesabu umegeuka kuwa mafuta ya kuongezea mwendo, na huna akiba tena.

Ukubwa wake nao uangaliwe. Mtu mmoja aliyeshtuka anahitaji nusu ya zile lita zetu: 525 bila kituo, 660 pamoja na kituo. Mtungi wa lita 3 kwa bar 200 una lita 600, unakutoa bila kituo na kinachobaki ni kidogo sana. Wa lita 5.7 una 1,140, huo unakutoa kwa utulivu. Zile chupa za nusu lita zinazouzwa mitandaoni zina lita 100, kwenye mita 30 kwa mtu aliyeshtuka ni sekunde 50. Usizibebe kwa Dania.

Uwe na regyuleta yake na geji yake, mdomo wake ufungwe shingoni au kifuani kwa mpira, wa rangi tofauti na ule wa kawaida. Kosa linalojirudia ni mtu kushuka akipumua mtungi mdogo bila kujua, na unamwishia akiwa njiani.

---

Muskati_Bahari

Salamu kutoka Oman. Huku tuna Al Munassir, meli ya jeshi la wanamaji, mita 84, ilizamishwa 2003 karibu na Bandar Khayran kwenye mita 30. Kina ni kilekile, kwa hiyo hesabu za Pweza zinafanya kazi bila kubadilisha hata namba moja. Tofauti yetu ni baridi: wakati wa kiangazi unashuka kwenye maji ya moto, ghafla unavuka tabaka la maji baridi, pumzi inafupika na matumizi yanaruka. Wa huku pimeni matumizi yenu chini ya tabaka hilo.

Niseme kuhusu kuingia ndani, maana meli zilizozamishwa kwa makusudi zinawahadaa watu. Zimesafishwa, milango imeondolewa, matundu yamekatwa ubavuni, na mtu anasema hii ni salama. Ilikuwa salama siku ya kuzamishwa. Baada ya miaka 20 chuma kimeliwa, tope laini limejaa kila sakafu. Mapovu yako yanapiga dari na kutu inaanguka. Unaingia maji yakiwa maangavu, unageuka huuoni hata mkono wako. Spiegel Grove kule Key Largo, Florida, nayo ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002, na Machi 2007 wazamiaji 3 walifia ndani yake.

---

Chewa_Mdogo

Wakuu naomba kuuliza, niko kwenye kozi ya kina kirefu. Kwa hiyo mtu haruhusiwi kuingia ndani kabisa? Naona picha watu wako ndani ya chumba cha nahodha.

---

Mwl_Rehema

Mdogo wangu, kuna kupita na kuna kuingia. Sehemu iliyo wazi pande mbili, unaona pa kutokea kabla ya kuingia, mnapita wawili sambamba na mwanga wa jua unafika, hiyo unaweza kupita na mwalimu wako. Mambo hayo yakikosekana, hata moja, zunguka kwa nje.

Kuingia ni kozi nyingine, na hata kwa waliohitimu kiwango cha burudani mpaka ni mita 40 toka juu ya maji, kina na umbali wa ndani vikijumlishwa. Kwenye mita 30 umebakiwa na mita 10 za kuingia. Lazima kamba itandazwe: fundo la kwanza nje ya mlango kwenye maji wazi, la pili ndani kidogo tu, kisha kamba iende imekaza ikishikizwa kila inapopinda. Kamba iliyolegea inanasa mapezi. Mkono wa mtu wa mwisho usiiache.

Hewa ya kuingia hupigwa kwa theluthi, baada ya kutenga ile ya kupandia. Ukiwa na alumini, bar 80 zako zigawe kwa 3: bar 26 za kuingia, 26 za kutoka, 26 za mkosi. Bar 26 ni lita 289, dakika 3 na nusu kwenye mita 30, na bado hujahesabu kushuka. Ndiyo sababu mwenye alumini moja nampitisha nje ya Dania, hata awe hodari kiasi gani.

Piga mapezi kwa teke la chura, magoti yamekunjwa. Teke la kawaida la juu na chini linasukuma maji sakafuni na kuliamsha tope kwa wanaokufuata.

---

Fundi_Koki

Nje pia kuna mambo. Wavuvi wanajua meli ina samaki, kwa hiyo mishipi na vipande vya nyavu vimenasa kila mahali, na mshipi wa nailoni hauonekani mpaka umeshakushika. Beba vikataji viwili, kimoja unakifikia kwa mkono wa kulia, kingine kwa wa kushoto. Mkasi mzito unakata mshipi na waya mwembamba kuliko kisu. Ukinaswa usijizungushe, rudi nyuma kidogo, mwite mwenzako kwa tochi, yeye ndiye anaona kilichoshika nyuma ya koki.

Tochi hata mchana, kwani kwenye kina hicho kila kitu ni buluu na kijivu. Glavu hazikupi ruhusa ya kushika meli: samaki wa jiwe hukaa juu ya chuma hicho na hutofautishi. Akikuchoma, maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, kadiri unavyostahimili bila kuungua, dakika 30 mpaka 90, na hospitali.

---

Pweza_wa_Shanzu

Asanteni. Naweka mpangilio wa mbizi yenyewe kwa mtungi wa chuma wa 15, hewa ya kawaida, watu wawili.

Kabla ya kuingia kila mmoja anasema kwa sauti bar zake, bar ya kuondokea (90) na dakika ya kuondokea (18, yoyote itakayotangulia). Kwenye mita 5 mnasimama kwenye kamba, mnageuziana migongo mtazamane koki na hatua ya kwanza. Mapovu membamba ya kuvuja yanaonekana hapo, na kurudi juu bado ni rahisi. Mnashuka kamba mkononi, dakika 2 au 3. Masikio yakigoma panda mita 1, jaribu tena, yakigoma mara ya tatu mbizi imekwisha.

Mkifika chini, elekeeni kwanza upande ambao mkondo unatoka. Kurudi mtasukumwa. Kila dakika 3 onyesheni bar kwa vidole, msiulizane "uko sawa" tu, maana mlevi husema yuko sawa. Dakika ya 10 muwe mmeshaacha mchanga, mko staha ya juu. Kompyuta mbili, mmoja mmoja na yake, na mnafuata iliyo kali zaidi.

Mwenzako akipotea: tafuta dakika 1, kisha panda. Kamba ya kupandia mkiikosa, msiitafute mpaka hewa iishe. Pandeni taratibu mkiwa pamoja, na kwenye mita 10 mnapeleka boya juu. Spuli (kibiringo cha kamba ya boya) ya mita 30 inatosha kwa kina hicho. Kutoka chini kabisa haitoshi, kwa kuwa mkondo unailaza kamba. Pumzi moja kwenye boya kwenye mita 10 inakuwa mara 2 ikifika juu, kwa hiyo usilijaze. Kamba ikikwama kwenye spuli, achia mara moja, boya linapatikana dukani.

---

Kombo_Mtwapa

La mwisho. Wageni wengi wa Nairobi huzamia asubuhi na jioni wanapanda SGR. Ndege wanajua kwamba hairuhusiwi, treni je?

---

Daktari_wa_Pwani

Treni pia, na hili watu wanalipuuza. Mwili haujui umepanda kwa ndege au kwa reli. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na ndege ya abiria hubana hewa ya ndani iwe kama ya kimo kisichozidi mita 2,400 hivi. Kwa hiyo SGR, basi na gari lako mwenyewe kupanda Mombasa Road viko chini ya kanuni moja na ndege: saa 12 angalau baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, saa 18 kama mmezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa. Kwa Dania mimi huwaambia 18, hata kwa mbizi moja. Mgeni azamie leo asubuhi, aondoke kesho.

Na kwenye boti: oksijeni ni lita 15 kwa dakika kwa mgonjwa mmoja, kwa barakoa yenye mfuko. Boti kurudi ufukweni na gari kufika hospitali, tuseme saa 1, ni lita 900. Chupa ndogo ya lita 400 inaishia dakika ya 26, mkiwa bado njiani. Hesabuni chupa kwa safari yenu nzima, na koki yake ifunguliwe na kupimwa kila asubuhi. Ganzi, madoa ya ngozi, bega linalouma, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu baada ya mbizi: oksijeni kwanza, mgonjwa alale chali, maji ya kunywa kama ana fahamu na hatapiki, kisha simu ya dharura ya DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji. Swali la kuwauliza ni chumba kipi cha shinikizo, kile cha kutibia wazamiaji, kinafanya kazi siku hiyo. Mwulizeni hilo pia mwenye kituo kabla ya kulipia boti.